Ubingwa wa Miami wa 2001: Tumpe Sifa Butch Davis au Larry Coker?

Tarehe 3 Januari 2002, kwenye uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena, Chuo Kikuu cha Miami kiliitandika Nebraska 37-14 na kutwaa ubingwa wa taifa wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Hadi mapumziko ubao ulisoma 34-0. Kocha mkuu alikuwa Larry Coker, mtu wa miaka 53, na huo ulikuwa msimu wake wa kwanza kuongoza timu ya chuo. Karibu kila mchezaji aliyekanyaga nyasi usiku ule alikuwa ameletwa Miami na mtangulizi wake, Butch Davis, ambaye mwaka mmoja nyuma alishafungasha virago kwenda kuinoa Cleveland Browns ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani.

Kikosi kile kiliishia kutoa wachezaji 38 walioteuliwa na timu za NFL, 17 kati yao katika raundi ya kwanza ya uteuzi, ambako huchukuliwa vijana wanaotamaniwa zaidi. Wengi wetu tunaofuatilia mchezo huu tunakihesabu kuwa bora kuliko vyote vilivyowahi kuvaa jezi za chuo. Ndiyo maana swali la nani apewe sifa halijapoa hadi leo.

Kura nyingi zinakwenda kwa Davis. Utasikia kwamba Coker alikuta kila kitu kiko tayari na hata mtoto mdogo angeshinda na kikosi kile. Mimi nakubali kwamba Davis ndiye aliyeijenga timu ile. Ila naona Coker amedhulumiwa katika hesabu hii, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, usajili wa vyuo unavyokwenda

Kwa msomaji aliyezoea soka letu: katika vyuo vya Marekani enzi zile hapakuwa na kununua mchezaji. Kocha na wasaidizi wake walikwenda shule za sekondari, wakaketi sebuleni na mama na bibi wa kijana wa miaka 17, wakamshawishi achague chuo chao. Chuo kiliruhusiwa kuwa na wachezaji 85 wenye skolashipu kwa wakati mmoja. Kijana akishaingia alikaa miaka minne, wakati mwingine mitano, na wengi hawakuwa tayari kucheza kwa uzito hadi mwaka wa tatu. Kikosi cha mwaka wowote kwa hiyo kilikuwa matokeo ya kazi ya miaka minne au mitano nyuma. Katika soka kocha mpya hupewa dirisha moja la usajili akabadilisha nusu ya timu. Huku hakupata. Aliyerithi mikoba alirithi kweli.

Alichokikuta Davis

Davis alifika Januari 1995. Alikuwa mwanafunzi wa Jimmy Johnson, amefanya naye kazi Oklahoma State, Miami kwenyewe, na Dallas Cowboys ya NFL. Miami ilikuwa imeshatwaa ubingwa mara nne: 1983, 1987, 1989 na 1991. Nje ilionekana nyumba ya kifahari, ndani mchwa walishamaliza nguzo. Udanganyifu kwenye ruzuku za serikali za wanafunzi, zile ziitwazo Pell, uliotokea kabla yake, ulifikishwa mbele ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, na Desemba 1995 adhabu ikatangazwa. Timu ilizuiwa kucheza mechi za baada ya msimu mwaka huo na kupokonywa skolashipu 31 zilizogawanywa katika miaka kadhaa.

Skolashipu 31 ni zaidi ya theluthi ya kikosi. Timu nyingine zina mbadala wa mbadala, wewe unahesabu kama mabeki watatosha mazoezini. Adhabu ya aina hiyo haiumi mwaka wa kwanza, maana wakubwa bado wapo. Inauma mwaka wa tatu, pale waliopaswa kukomaa wanapokuwa hawakusajiliwa kabisa. Kwa Davis mwaka huo ulikuwa 1997. Miami ilishinda mechi 5 na kupoteza 6, na Florida State waliichakaza 47-0. Kibarua chake kilikuwa karibu kuota nyasi.

Hakikuota. Alichofanya na nafasi chache alizobakiwa nazo ndicho kinachompa heshima yangu. Kwa kuwa hakuweza kusajili wengi, alisajili kwa jicho kali, akatanguliza kasi. Vijana waliodharauliwa na vyuo vingine walipata mlango kwake. Santana Moss, aliyekuja kuwa mpokeaji pasi wa raundi ya kwanza NFL, aliingia Miami bila skolashipu ya futiboli. Benchi lake la ufundi nalo lilikuwa na macho. Kocha wa wapokeaji, Curtis Johnson, mzaliwa wa Louisiana, alirudi kwao kumfuata kijana aitwaye Ed Reed. Reed leo yuko kwenye Jumba la Heshima la NFL.

Desemba 1998 ukaonekana mwanga. UCLA walikuja Miami wakiwa hawajafungwa, wakihitaji ushindi mmoja tu kwenda kugombea ubingwa. Edgerrin James akakimbia na mpira yadi 299, Miami wakashinda 49-45. Ukimuuliza shabiki wa zamani wa timu hii ni siku gani alijua kuwa wamerudi, wengi watakutajia hiyo.

Misimu sita kwa sita

Kwa bahati nzuri ya anayetaka kulinganisha, wote wawili walikaa misimu sita kamili. Hizi ni rekodi zao, mechi zilizoshindwa na zilizopotezwa:

| Msimu | Davis (1995 hadi 2000) | Coker (2001 hadi 2006) |
|---|---|---|
| Wa 1 | 8-3 | 12-0 |
| Wa 2 | 9-3 | 12-1 |
| Wa 3 | 5-6 | 11-2 |
| Wa 4 | 9-3 | 9-3 |
| Wa 5 | 9-4 | 9-3 |
| Wa 6 | 11-1 | 7-6 |
| Jumla | 51-20 | 60-15 |

Ukitazama jumla peke yake, Coker yuko juu: asilimia 80 ya ushindi dhidi ya karibu asilimia 72. Ukitazama mwelekeo, Davis anapanda mlima na Coker anashuka. Wanaomtetea Davis wanaishia hapo: angalieni, wachezaji wa Davis walipokuwepo Coker alishinda, walipokwisha akaanguka. Ni hoja nzito, na sina nia ya kuipindisha. Tatizo lake ni kwamba inaruka mstari mmoja muhimu wa jedwali, ule wa msimu wa sita wa Davis.

2000 na 2001: jaribio lililofanyika lenyewe

Davis mwenyewe aliwahi kuwa na kikosi hiki. Mwaka 2000 Ken Dorsey alikuwa tayari kwotabeki, mgawa pasi wa timu. Ed Reed alikuwepo, Bryant McKinnie alikuwepo akimlinda Dorsey, Jeremy Shockey, Clinton Portis na Andre Johnson walikuwepo. Zaidi ya hao, Davis alikuwa na wanne ambao Coker hakuwapata: Dan Morgan, Damione Lewis, Santana Moss na Reggie Wayne. Wote wanne waliondoka baada ya msimu huo na wote wanne waliteuliwa raundi ya kwanza ya NFL mwaka 2001.

Kwa kikosi hicho Davis alimaliza 11-1. Aliifunga Florida State 27-24, akaifunga Virginia Tech 41-21, akaifunga Florida 37-20 kwenye Sugar Bowl, moja ya mechi kubwa za baada ya msimu. Lakini mwanzoni mwa Septemba, ugenini Seattle, alifungwa na Washington 34-29, na mechi hiyo ikamgharimu. Mfumo wa kura na kompyuta wa wakati ule, BCS, uliipeleka Florida State kucheza fainali na Oklahoma, ingawa Miami walikuwa wamewafunga Florida State uwanjani. Dhuluma ilikuwepo, hilo nalisema bila kusita. Hata hivyo timu isiyopoteza mechi haihitaji huruma ya kompyuta.

Mwaka uliofuata Coker, akiwa amepoteza wanne hao, hakupoteza hata mechi moja. Timu yake ilifunga pointi 512 na kuruhusu 117. Penn State walifungwa kwao 33-7. Florida State, ambao hawakuwa wamepoteza mechi nyumbani Tallahassee tangu 1991, walitandikwa 49-27. Novemba zilikuja timu mbili zilizokuwa kwenye orodha ya 25 bora, wiki moja baada ya nyingine: Syracuse wakala 59-0, na Washington, wale wale wa Seattle, wakala 65-7.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaosema yeyote angeshinda. Kocha aliyeijenga timu alikuwa nayo ikiwa karibu imekamilika na aliteleza mara moja, na hakuwa ameanza kuteleza mwaka huo. Mwaka 1999 Davis aliongoza mechi dhidi ya East Carolina kwa tofauti kubwa, akafungwa 27-23. Dhidi ya Penn State msimu huo huo akafungwa tena 27-23, kwa pasi ndefu ya mwishoni. Davis alikuwa bingwa wa kusajili na kulea. Siku ya mechi, dakika kumi za mwisho, mashabiki wake wenyewe walikuwa wakishika vichwa.

Wiki ile ya Januari na Februari 2001

Kama kuna kipande kimoja cha hadithi hii ambacho kingefundishwa kwa viongozi wa michezo, ni hiki. Davis alikuwa akizungumza na chuo kuhusu mkataba mpya, na watu walitulia wakijua anabaki. Mwishoni mwa Januari akatangaza kwamba anakwenda Cleveland. Siku ya vijana wa sekondari kumwaga wino ilikuwa imebaki wiki moja na ushei. Vyuo vingine vikaanza kupiga simu kwa vijana walioahidi kuja Miami, kama fisi waliosikia harufu. Greg Schiano, aliyekuwa akiongoza safu ya ulinzi, alishaondoka Desemba kwenda kuwa kocha mkuu Rutgers. Chuck Pagano, aliyefundisha mabeki wa nyuma, akamfuata Davis Cleveland.

Wachezaji wakubwa wa timu wakaenda kwa mkurugenzi wa michezo, Paul Dee, wakamwomba amteue Coker, aliyekuwa akiongoza mashambulizi tangu 1995. Walimjua, waliuamini mfumo wake, na waliogopa mgeni angekuja na vitabu vipya na kuvuruga kila kitu wakati wao walikuwa hatua moja kutoka kwenye kombe. Dee akawasikiliza. Mapema Februari Coker akapewa timu.

Wachezaji waliomwaga wino siku chache baadaye ni pamoja na Sean Taylor, Frank Gore, Antrel Rolle, Vince Wilfork na Kellen Winslow mdogo. Soma majina hayo tena taratibu. Je, hao ni wa Davis au wa Coker? Walishawishiwa kwa miezi mingi na benchi la Davis, hilo ni kweli. Lakini Davis ndiye aliyeondoka na kuwaacha njia panda, na aliyewashika mkono ni Coker pamoja na makocha waliobaki. Angeteuliwa mtu kutoka nje, nadhani angalau wawili watatu kati yao wangevaa jezi nyingine. Mimi darasa hilo naligawa nusu kwa nusu, na sioni namna nyingine ya haki.

Kisha kuna uamuzi ambao watu hawauoni kwa sababu ni wa kutofanya jambo. Makocha wapya karibu wote wanataka kuweka alama yao: mfumo mpya, nidhamu mpya, wasaidizi wapya. Coker aliacha timu iendelee kama ilivyokuwa. Alimbakiza Art Kehoe kwenye safu ya mbele na Curtis Johnson kwa wapokeaji, akampandisha Rob Chudzinski kuongoza mashambulizi, akamrudisha Randy Shannon, aliyekuwa Miami Dolphins, kuongoza ulinzi. Ulinzi wa Shannon uliruhusu wastani wa pointi zisizofika 10 kwa mechi. Uteuzi huo ni wa Coker, Davis hana sehemu ndani yake, na ni ajabu jinsi unavyosahaulika.

Siku mbili ambazo ubingwa ulikaribia kupotea

Novemba 10, 2001, Miami ilikuwa ugenini kwa Boston College. Mashambulizi, idara aliyotokea Coker, yalikuwa yamekauka: pointi zote 12 zilitokana na mateke manne ya Todd Sievers. Boston College, wakiwa nyuma 12-7, wakausogeza mpira hadi ndani ya yadi kumi za mwisho, saa ikiwa imebakiza chini ya dakika moja. Kwotabeki wao, Brian St. Pierre, akarusha pasi. Mpira ukamgonga mguuni beki Mike Rumph, ukaruka juu, ukatua mikononi mwa Matt Walters, jitu la safu ya mbele. Walters akaanza kukimbia nao. Ed Reed akamkimbilia, akampokonya mpira mwenzake, akakata mbuga yadi 80 hadi mwisho wa uwanja. 18-7.

Hilo halikuchorwa na kocha yeyote ubaoni. Reed angeweza kuwa NFL tayari, alibaki mwaka wa mwisho kwa sababu alitaka kombe walilolikosa 2000. Kama unatafuta mtu wa tatu wa kugawana sifa na makocha hawa, ni yeye.

Wiki tatu baadaye, Desemba 1, ikawa zamu ya Virginia Tech huko Blacksburg. Miami waliongoza kwa raha, kisha wenyeji wakazuia teke la Miami na kulirudisha kuwa pointi, ubao ukasoma 26-24. Virginia Tech wakajaribu pointi mbili za kusawazisha. Ernest Wilford alikuwa peke yake, pasi ikamfikia mikononi, ikamponyoka. Reed akaja kunasa pasi nyingine baadaye na kuufunga mlango. Bahati ilikuwa upande wa Coker siku hiyo, kama ilivyokuwa upande mwingine wa Davis kule Seattle. Anayempa Coker sifa zote anapaswa kuikumbuka mikono ya Wilford.

Baada ya hapo

Coker alishinda mechi zake 24 za kwanza mfululizo. Ya 25 ilikuwa fainali ya Januari 2003 dhidi ya Ohio State, akafungwa 31-24 katika muda wa nyongeza wa pili, baada ya mwamuzi kutupa bendera ya kosa kwa kuchelewa, bendera ambayo Miami hawajaisamehe. Toka hapo ni mteremko. Alisajili vipaji, msidanganywe: Devin Hester, Greg Olsen, Jon Beason, Calais Campbell wote waliingia zama zake. Kilichokosekana ni mrithi wa Dorsey, na ile njaa ya vijana waliolelewa kwenye adhabu. Msimu wa 2005 uliisha kwa kipigo cha 40-3 kutoka kwa LSU. Oktoba 2006 wachezaji wake wakapigana ngumi uwanjani na wale wa Florida International, aibu iliyoonekana nchi nzima. Mwisho wa msimu akatimuliwa.

Davis naye hakufanya muujiza mwingine. Browns aliwafikisha mchujo mara moja, msimu wa 2002, na akaondoka 2004 akiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Chuo Kikuu cha North Carolina alikipa misimu mitatu mfululizo ya 8-5, kisha akafukuzwa Julai 2011 katikati ya uchunguzi wa NCAA. Vipaji alileta kule pia. Kombe halikuja.

Coker, kwa upande wake, alianzisha timu ya Chuo Kikuu cha Texas San Antonio kutoka sifuri, na msimu wa pili tu akashinda 8-4 kabla mambo hayajalegea. Wanaosema hajui kujenga chochote huo mwaka huwa hawautaji.

Ukilazimika kuchagua

Kwa kikosi, Davis. Hapo sina mjadala na mtu. Kutoa timu kwenye skolashipu 31 zilizokatwa hadi kuwa na Reed, Dorsey, McKinnie, Portis na Andre Johnson kwenye basi moja ni kazi kubwa zaidi kuliko kushinda kombe lenyewe.

Kwa msimu wa 2001, Coker. Kabla yake, mara ya mwisho kocha mkuu katika mwaka wake wa kwanza kabisa kutwaa ubingwa wa taifa ilikuwa 1948, Bennie Oosterbaan akiwa na Michigan. Miaka 53 makocha wamerithi timu nzuri na kushindwa. Ukinibana nitaje namba kwa jumla ya yote, nitampa Davis sita na Coker nne. Wale wanaogawa tisa kwa moja wamehesabu usajili peke yake.

Na kama wewe ni kiongozi unayetafuta kocha, usiulize nani bora kati yao, tazama timu uliyonayo. Iwapo imevunjika, ina adhabu, ina madeni ya heshima, mchukue mtu wa aina ya Davis na umvumilie mwaka wake wa 5-6, maana utakuja. Iwapo imeiva na wachezaji wenyewe wanajua wanakokwenda, mchukue wa aina ya Coker, umwambie asiguse kitu. Paul Dee alikuwa na timu iliyoiva mwaka 2001 na alichagua sawasawa. Mwaka 2006 timu ilikuwa imevunjika, akamwondoa Coker yule yule, na hapo pia hakukosea.